Kumfyekea Ndege Mwanga

Belmont, Port of Spain
12 Januari 1969

Mpwa wangu Ionie,

Pokea salamu zangu, na za binti yangu Enid, na za mumewe Carlton ambaye bado anakula utadhani kesho chakula kinapigwa marufuku. Sisi wazima. Mwambie mama yako kwamba mkate wa muhogo aliotutumia Krismasi ulifika vipande vipande, na hakikubaki kipande. Magoti yake vipi? Apake mafuta ya nazi na aache ubishi.

Macho yangu yanaendelea. Daktari anasema presha ya macho imeshuka. Hilo tuliache.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumatano nilikwenda kwenye kile chama cha wapenda ndege. Wanaandika kitabu cha ndege wa visiwa vyetu viwili. Walipofika kwa mvumaji wa mkia mweupe, katibu wao, Bwana Lasalle, akasoma: "Alitoweka Tobago kwa kimbunga cha mwaka sitini na tatu." Nikasimama. Nikasema mimi nilimwona miaka miwili baada ya kimbunga, kwenye korongo la juu ya Parlatuvier, amesimama hewani mbele ya ua akinyonya, mbawa zinavuma. Bwana Lasalle akatabasamu. "Mzee Trim, ulichoona ni yule mvumaji wa shingo nyeupe. Na yeye ana mkia mweupe. Macho ya uzee hudanganya." Watu wakacheka. Mimi, niliyepiga picha harusi za nusu ya Tobago!

Tofauti ya hao wawili niliijua kabla baba yake Lasalle hajaoa. Wa shingo nyeupe ana ukosi mweupe kisogoni, na kila bustani anaingia. Wa kwetu ni mkubwa, kijani mgongo mzima, dume koo la buluu, jike tumbo la kijivu, na hatoki msituni.

Kitabu kinafungwa tarehe 30 Aprili. Nikileta picha, wataifuta ile sentensi. Nisipoleta, nitakufa nikiitwa mzee aliyeota ndege. Kamera yangu iko chini ya kitanda cha mama yako, ndani ya gunia la kakao. Ndicho kitu pekee kimbunga kilichoniachia cha studio yangu. Nilikufundisha kuitumia, na wewe ni mshonaji, una mikono yenye subira. Nenda korongoni, kisha unitumie filamu kwa meli niisafishe mwenyewe.

Na usimwambie mtu. Parlatuvier ukimnong'oneza mmoja, utajibiwa na watu wa Castara.

Mjomba wako,
Cleophas Trim


Parlatuvier
23 Februari 1969

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika imelowa upande mmoja, ila maneno yote yapo. Mama anasema magoti ni yake na atayapaka anachotaka. Mimi nashona gauni la harusi la binti wa Bi Theodora wa dukani. Kila wiki naambiwa nilipanue kidogo kiunoni, na hakuna anayesema kwa nini.

Mjomba, yupo.

Nilipanda Jumamosi nne. Miti iliyoangushwa na kimbunga bado imelala juu ya njia, na mitambaazi imeifunika hata hujui unakanyaga ardhi au hewa. Jumamosi ya tatu nilisikia mvumo tu. Ya nne, jana, nikamfuata jike mmoja akiwa na utando wa buibui mdomoni, tumbo la kijivu, na alipogeuka mkia ukafunguka mweupe pande zote mbili. Shingoni hana kitu. Nilitazama mara mbili, mara tatu.

Kiota kimening'inia kwenye tawi juu ya maji. Kidogo, nusu ya limau. Nilikitazama kwa jicho la kazi yangu: sufi ndani, utando wa buibui ndio uzi, na mshono huuoni. Mayai mawili, kila moja kama punje ya haragwe.

Nimeshona kibanda cha magunia matatu ya unga, nakaa humo. Kamera naifyatua kwa uzi mrefu. Lakini ni giza, Mjomba. Kangaga na matawi yamefunika pote. Tena naogopa. Nikikohoa naogopa, jani likianguka naogopa. Nikifika nyumbani naona kama nimeacha mlango wazi mahali fulani. Nimepiga picha kumi na mbili, filamu hii hapa. Niambie haraka la kufanya.

Mpwa wako,
Ionie Toppin


Belmont
6 Machi 1969

Ionie mwanangu,

Marahaba, na Mungu akubariki mikono yote miwili. Usishangae mwandiko, kifundo cha mkono kinaniuma kidogo, kwa hiyo nasema na Enid anaandika. Usianze kuwaza.

Picha zimetoka nyeusi tupu. Enid anasema kwenye moja kuna kivuli, anaweza kuwa ndege na anaweza kuwa jani. Kosa si lako, ni la giza.

Sasa sikiliza vizuri. Usikate kitu. Chukua uzi wako wa kushonea, vuta majani pembeni uyafunge, mwanga uingie kwa nusu saa tu, saa tano asubuhi. Ukimaliza, fungua kila kitu kirudi kilivyokuwa. Kiota kikikaa juani mchana kutwa, kilichomo kinapikwa. Nimewahi kuona hilo, nilikuwa kijana, na aliyekata majani nilikuwa mimi. Sijamwambia mtu hadi leo.

Ninakaa dirishani kuhesabu siku za meli. Usinicheleweshe.

Mjomba


Parlatuvier
23 Machi 1969

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ya tarehe 6 imefika juzi. Wanasema meli ilikaa bandarini huko kwenu siku tisa, injini imefunguliwa.

Mama mzima. Binti wa Bi Theodora ameolewa, na gauni lilitosha. Tarehe 15 Bwana Egbert Orr na wenzake walikuwa na kazi ya bure ya kuazimana mikono huku juu. Palikuwa na ngoma, na kaa na madonge ya unga. Mvua nyingi. Filamu bado.

Kifundo kimepona?

Ionie


Belmont
2 Aprili 1969

Ionie,

Salamu za Pasaka kwenu nyote. Barua yako Enid amenisomea mara tatu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, ndiyo maana sikusoma mwenyewe.

Mwanangu, mbona unaniandikia habari za injini? Mimi nahesabu. Mayai uliyaona Februari. Vifaranga walitoka mwanzoni mwa Machi, na sasa hivi manyoya yameota, wanakaribia kuruka. Wewe hujasema neno hata moja juu yao! Wamekufa? Mama yao amehama? Umeanguka ukaumia mnanificha?

Na hiyo kazi ya kuazimana mikono ilikuwa kwenye shamba la nani? Huko juu hakuna shamba la mtu. Ninamfahamu Egbert Orr tangu anavaa kaptula. Mkono wake ni mwepesi kusaidia, na panga lake jepesi zaidi.

Bwana Lasalle amemtuma mtu kuniuliza kama nina kitu. Nimejibu ninacho, kinakuja. Sasa utafanya nini na mjomba mwenye mdomo mpana namna hii? Nijibu. Silali.

Mjomba


Parlatuvier
13 Aprili 1969

Shikamoo Mjomba,

Filamu hii hapa. Amepatikana, na mkia unaonekana vizuri. Ile kazi ilikuwa ya njia ya kwenda mtoni tu.

Mama anakusalimu. Nimechoka, nitaandika siku nyingine.

Ionie


Belmont
22 Aprili 1969

Mpwa wangu, kipenzi changu,

Leo nyumba hii ni sikukuu. Hata Carlton alisahau kula kwa dakika nzima. Filamu nimeisafisha mwenyewe, Carlton akaichapa, na Enid anasema kwenye picha ya saba ndege yuko hewani, ametugeuzia mgongo kidogo, na mkia mweupe umefunguka. Nilimshika Enid mikono yote miwili. Nililia, siwezi kukuficha.

Kwa kuwa ni siku ya kusema kweli, na mimi nina la kwangu. Sioni, Ionie. Kifundo hakijawahi kuniuma. Tangu wiki ya kwanza ya Machi ninachojua ni kwamba dirisha liko upande huu na ukuta upande ule. Kusafisha filamu si kazi ya macho: chumba ni cheusi kwa kila mtu, unapapasa, unahesabu dakika. Sikutaka ukimbizane na ndege huku umenibeba mgongoni. Hiyo picha sitaiona. Lakini wewe umeiona, na mimi nakuamini wewe kuliko nilivyokuwa nayaamini macho yangu.

Lasalle ameshasikia. Amesema tarehe 30 niiweke mezani, na ikiwa ni kweli, watavuka mwezi wa Mei, watu kumi na watano, wafungue njia hadi korongoni. Watapiga risasi jozi moja, dume na jike, kwa ajili ya droo ya makumbusho, maana anasema kitabu hakitosheki na picha ya msichana. Hilo limenikaa vibaya rohoni. Lakini ndiyo bei yake, na wengine watabaki. Nitawaambia mahali.

Mjomba wako mwenye furaha,
Cleophas


Parlatuvier
26 Aprili 1969

Mjomba,

Mama hajui kama naandika, kwa hiyo leo hana salamu. Mwalimu Ottley anakuja huko kwa ndege ya Jumatatu, nimemwapisha akupe hii mkononi. Enid, dada yangu, msomee yote. Usiruke hata neno.

Mjomba, usiipeleke ile picha. Ni yule wa shingo nyeupe. Nilimpiga kwenye maua ya uwanja wa kanisa, nikamvizia mgongo, kichwa kikiwa ndani ya ua, ili ukosi usionekane. Ni ndege yuleyule ambaye Lasalle alisema ulimwona. Nilijua ninachofanya.

Ngoja nikueleze lilivyoanza. Mwanzoni mwa Machi nilikuwa dukani kwa Bi Theodora. Akaniambia mbele ya watu, "Ionie, umepata mchumba msituni? Kila Jumamosi unapanda na magunia!" Mwingine akadakia, "Anamtafuta ndege wa mjomba wake, yule aliyeonekana ndani ya chupa ya ramu." Wakacheka hadi wakashikana mabega. Ulinikataza, najua. Lakini nilisikia jina lako likitemwa, na mdomo ukafunguka. "Yupo! Nimemwona mimi, na kiota chake juu ya maji, kwenye lile korongo. Kinachokosekana ni mwanga tu, ili Lasalle na wenzake wa Port of Spain waache kumwita mwongo!"

Kicheko kikakatika. Bwana Egbert akaweka bilauri chini. "Yaani watu wa Port of Spain wanamwita Cleophas Trim mwongo kwa sababu ya giza?"

"Ndiyo."

"Giza tu?"

"Ndiyo, Bwana Egbert."

"Cleophas alinipiga picha ya harusi, na nilipomwambia sina cha kumlipa akaniambia nitamjengea banda la kuku siku moja. Hajawahi kulidai." Akawageukia wenzake. "Jamani, giza dawa yake nini?"

Nilidhani ni maneno ya dukani. Tarehe 15 asubuhi nilikuwa na pini mdomoni, nampima bi harusi, nikasikia ngoma Mgongoni, kwenye milima ya msitu wetu. Nilikimbia na kamera begani.

Walikuwa watu ishirini na zaidi, Mjomba. Wanaume mstari mmoja na mapanga, mpiga ngoma nyuma yao, wanawake wanachemsha kaa na madonge kando ya maji. Walikuwa wamefyeka korongo lote, ukingo hadi ukingo. Bwana Egbert alikilinda kiota mwenyewe, alilizungushia lile tawi kamba ili panga la mtu lisipitilize. Likabaki peke yake katikati, jua linalipiga. Akanishika bega, jasho linamtiririka. "Mwanga huo hapo, binti! Sasa hata kipofu atapiga picha!"

Yule ndege mama hakukimbia. Alisimama ukingoni mwa kiota ametandaza mbawa zote mbili juu ya vifaranga wake, mdomo wazi, anahema. Alikuwa anawapa kivuli. Mkia umefunguka, tumbo la kijivu linaonekana, shingo haina kitu, mwanga safi. Ndiyo picha uliyonituma. Na wote wananiambia, "Piga! Piga, binti, umwoneshe huyo Lasalle!"

Sikuweza. Nilibonyeza mara tatu kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Wakashangilia.

Ningesema nini? Mkono ulioazimwa huwezi kuurudisha. Hawakutaka hata senti, walikuwa wanakurudishia jina lako. Nilikaa nao, nikala kaa, nikashukuru. Walipoondoka nikavuta kangaga kutoka juu nikazifunga kwa uzi juu ya kiota, zikanyauka kesho yake. Jumatatu vifaranga wote wawili walikuwa wamekauka. Barua yako ya kunikataza ilikuwa bado iko melini.

Nilishindwa kukuandikia. Kila nikianza naona unacheka, na sikutaka kuwa mimi niliyekizima kicheko hicho. Ndipo nikaenda kanisani kuvizia maua. Sasa unaniambia huoni, na kwamba unaniamini. Nimesoma maneno hayo nikachukua kalamu, Mjomba.

Kuna jambo moja zaidi. Jana nilipanda, sikujua natafuta nini. Juu ya maporomoko, mahali ambapo mapanga hayakufika, nilimwona jike ana utando wa buibui mdomoni. Anajenga upya. Siwezi kuapa kuwa ni yuleyule, ila nadhani ni yeye. Mkia ni huo. Ningempiga picha, lakini hana mayai bado, hatulii mahali, na siku zimekwisha.

Nitukane ukipenda. Usiipeleke tu.

Ionie


Belmont
4 Mei 1969

Ionie,

Enid alinisomea barua yako jikoni. Alipofika kwenye mbawa akashindwa, Carlton akamalizia.

Sitakudanganya: siku ya kwanza sikukuita kwa jina zuri. Nilisema nimemlea nyoka. Siku ya pili nilikaa dirishani kwangu nikamfikiria yule mama juani. Hasira ikanigeukia mimi mwenyewe, kwa sababu niliyekutuma huko ni mimi, na sikukutuma kwa ajili ya ndege. Nilikutuma kwa ajili ya watu kumi na wawili waliocheka.

Jumatano nilikwenda. Enid alinishika mkono, picha yako ikiwa kwenye mkoba wake. Lasalle akasema, "Mzee Trim, tunakusubiri wewe tu. Picha?"

Ningeweza kusema picha imekosekana lakini ndege yupo, na jina langu lingebaki. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo. Kisha nikasikia mmoja nyuma yangu anamwuliza mwenzake kama bunduki ndogo itatosha, isiharibu ngozi. Nikawaza, kama watu wanaotupenda walimfyekea mwanga hadi wakamuulia watoto, hawa watamfyekea nini?

Nikasema, "Hakuna picha. Nilikosea. Alikuwa yule wa shingo nyeupe."

Hawakucheka safari hii. Ingekuwa nafuu. Lasalle alinipapasa bega akasema si aibu, uzee ni uzee, akamwagiza mtu aniletee kipande cha keki. Kisha akaisoma ile sentensi mara ya mwisho, wakapiga kura, ikapita. Ndege wetu ametoweka Tobago tangu mwaka sitini na tatu, na mimi nilikuwa nimekaa pale na keki mkononi nikisikia anavyotoweka.

Kwenye teksi Enid akaniuliza, "Baba, umejiita mwongo mwenyewe, mbele ya watu wote. Kwa nini?" Nikamwambia atalipata jibu akiiandika barua hii.

Inaniuma. Usije ukafikiri nimekuwa mtakatifu. Miaka arobaini nimepiga picha za watu, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kwamba nikisema nimeona, nimeona. Sasa sina hicho, na macho sina. Naamka asubuhi nashika ukuta na jambo la kwanza linalonijia ni ule mkono wa Lasalle begani.

Bwana Egbert akikuuliza, mwambie picha ilinifikia na nimeshukuru sana. Wote uwashukuru, mmoja mmoja. Usiwaambie habari za vifaranga. Hilo tutalibeba wewe na mimi, linatutosha.

Kamera irudishe kwenye gunia. Mama yako mpake hayo magoti hata kwa nguvu. Halafu panda mara moja, mikono mitupu, usipite njia waliyofyeka, ukae mbali, usikohoe, uniandikie kama ametaga.

Mjomba wako,
Cleophas